Shajara ya mlima wa baridi: kujifunza theluji katika mwaka ambao theluji haitabiriki

Novemba 5, Dundee

Leo nimeanza daftari hili kwa sababu Mzee amenikubalia. Ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu, mtu aliyetembea milima ya Uskoti tangu ujana wake. Nilimwomba anifundishe kutembea mlimani majira ya baridi. Akanipa sharti moja tu: nisinunue kifaa chochote cha barafu kabla sijaweza kuhesabu hatua gizani.

Mimi ni mtu wa Kibosho. Nilibeba mizigo Kilimanjaro misimu sita, njia ya Machame, kilo 20 za mgeni na begi langu juu yake. Kambi ya mwisho ya njia ile inaitwa Barafu, mita 4,673. Pale mpagazi hubaki. Wageni huamka usiku wa manane, wanapanda na viongozi wao, sisi tunalinda mahema na kuwasha jiko. Theluji nimeitazama sana kuliko nilivyoikanyaga. Kileleni nimefika mara mbili, na mara zote mbili njia ilikuwa imeshapondwa na mamia ya miguu. Shoka la barafu sijawahi kulishika.

Milima ya hapa ni mifupi. Ben Nevis, mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Lango la Machame liko juu zaidi ya hapo, na kwetu langoni watu wanauza ndizi. Lakini mlima huu mfupi uko kaskazini mno na umesimama mbele ya bahari. Kipimo cha upepo kilicho kwenye kilele cha Cairn Gorm kiliwahi kuandika kilomita 278 kwa saa, Machi 20, 1986. Upepo wa namna hiyo mimi siujui, na ndiyo maana nataka kufundishwa.

Lengo langu hadi Aprili: kujua kutembea kwa ramani na dira bila kuona mbele, kutembea na kramponi (vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti), kujizuia kwa shoka nikiteleza, na kusoma ripoti ya maporomoko ya theluji nikaielewa.

Tatizo ni theluji yenyewe. Mzee anasema zamani alikuwa akipanga safari ya Februari mwezi mzima kabla na theluji anaikuta inamsubiri. Siku hizi inashuka Jumanne, mvua inaiosha Ijumaa. Kuna kipande cha theluji kwenye mlima Braeriach, watu wanakiita Sphinx, ambacho kwa vizazi na vizazi kilidumu kiangazi chote. Kiliyeyuka chote mwaka 1933, kikayeyuka tena 1959, halafu 1996. Baada ya hapo miaka ikaanza kukaribiana: 2003, 2006, 2017, 2018. Kuanzia 2021 hadi 2023 kiliisha kila mwaka.

Nilimsomea kaka yangu orodha hiyo kwenye simu. Yeye bado ni kiongozi wa wageni mlimani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, hata huku inarudi nyuma. Wageni wananiuliza iko wapi ile ya kwenye picha." Najua hesabu yake: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ulipoteza kama asilimia 85 ya eneo lililokuwa limefunikwa na barafu.

Novemba 16

Vilima vya Sidlaw, nje kidogo ya mji. Hakuna theluji, hakuna hata jalidi. Tulianza kupanda Auchterhouse Hill saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia.

Kazi ya usiku ilikuwa moja: kujua mita 100 ni hatua zangu ngapi. Unahesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Kwenye njia tambarare nimepata 63. Kwenye vichaka vya kupanda, 78. Gizani nikiwa na taa ya kichwani, 66, maana hatua zinafupika bila mwenyewe kujua.

Mzee ananifundisha pia saa. Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo kwa vipimo vya leo ni kilomita 5 kwa saa, na dakika moja ya ziada kwa kila mita 10 unazopanda. Mzee anapunguza hadi kilomita 4 majira ya baridi. Kwa mwendo huo mita 100 ni dakika moja na nusu. Hatua na saa zikikubaliana, unajua ulipo. Zikipingana, simama.

Nilipotea mara mbili ndani ya saa tatu, kwenye kilima ambacho ukikaa juu yake unaona taa za mji mzima.

Novemba 30

Sidlaw tena, peke yangu. Mawe kumi mfuko wa kulia; kila mita 100 jiwe moja linahamia mfuko wa kushoto. Sikupotea.

Desemba 14

Vifaa vimefika. Buti ngumu za daraja la B2 na kramponi za C2, kwa sababu vinaendana: buti laini ikifungwa kramponi ngumu, chuma kinachomoka mguu unapokunjika. Mzee alinionyesha jaribio lake. Vaa kramponi bila kufunga mkanda, nyanyua mguu, utikise. Ikidondoka, haikupimwa vizuri. Zangu zilidondoka. Tukasogeza kipande cha katikati tundu moja, zikashika.

Nje mvua inanyesha, nyuzi joto 9. Katikati ya Desemba!

Basi nimefanya nilichoweza. Kila jioni kabla ya kwenda zamu ya usiku nazima taa sebuleni, navaa glavu nene, nafunga kramponi kwa kupapasa. Siku ya kwanza ilinichukua dakika tisa, na mkanda mmoja ulikuwa umepinda. Leo ni dakika mbili na nusu kwa miguu yote miwili. Mke wangu ametandika blanketi kuukuu kulinda zulia, na mwanangu anashika saa.

Shoka nalo nalijulia hapohapo chini. Kwa umbo ni sururu ndogo: upande mmoja mdomo uliochongoka, upande wa pili jembe dogo, mwisho wa mpini ncha ya chuma. Mkao wa kujizuia unaufanya kifudifudi: jembe liko chini ya bega, karibu na mfupa wa shingo, mpini umekata kifua kwa mshazari, mkono wa pili umefunika ncha nyongani ili isikuchome, uso umegeukia mbali na chuma. Magoti yamepanuka, nyayo ziko juu. Nyayo lazima ziwe juu, kwa sababu ukiwa na kramponi jino moja likishika barafu wakati unateleza, mwili unapinduka na kifundo kinavunjika. Nikiitwa ghafla nageuka toka chali hadi kwenye mkao huo. Mwanangu ndiye anayeita.

Januari 11, Glen Doll

Safari ya kwanza ya mlima wa kweli: Mayar, mita 928. Kutoka Dundee ni kama saa moja na ushei kwa gari. Tulipitia Corrie Fee, bonde la mviringo lililochongwa na barafu ya kale, tukapanda pembeni mwa maporomoko ya maji hadi juu kwenye uwanda.

Utabiri wa MWIS, huduma ya hali ya hewa ya milimani, ulisema mvua, ukungu juu ya mita 600, nyuzi 2 kileleni, upepo wa kuyumbisha mtu. Yote yalitimia. Theluji ilikuwa madoa madoa yaliyooza.

Nataka niiandike baridi hii vizuri, kwa sababu niliidharau. Usiku wa kwenda kileleni Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, unaweza kufika chini ya sifuri nyuzi 15, lakini ni baridi kavu. Ukivaa ya kutosha unaishi nayo. Nyuzi 2 na mvua ya upepo ni kitu kingine. Maji yanaingia kwenye mkono wa koti, yanashuka hadi kiwiko. Glavu ya kwanza ililowa ndani ya nusu saa, ya pili baada ya saa moja. Nilipotaka kufungua chupa ya chai vidole vilikataa. Siyo kuuma, kukataa: navitazama, naviamuru, havikunji. Mzee alinifungulia, akanipa glavu zake za akiba bila neno. Kuanzia leo nabeba jozi nne, na moja haitoki kwenye mfuko wa plastiki hadi mambo yaharibike.

Kisha dira. Uwanda wa Mayar hauna sura. Ukungu ukishuka, kila upande ni kijivu kilekile. Mzee alisema, "Nipeleke kwenye rundo la mawe kileleni." Mita 700, kupanda 30. Dakika kumi na tatu na nusu, hatua 490 kwa ardhi ile. Nikaenda nikihesabu, naangalia sindano, nachagua kijiwe kilicho mbele kwenye mstari, nakifikia, nachagua kingine. Dakika kumi na tatu, hakuna kitu. Kumi na nne. Nilitaka kugeuka kulia, moyo wote ukisema ni kulia. Nikamaliza hatua kumi na mbili zaidi kwenye sindano, na rundo la mawe likatoka kwenye ukungu, labda mita nane mbele, kushoto kidogo.

Njiani kurudi alinionyesha pale Jock's Road inapoanzia, njia ya kale inayovuka kwenda Braemar. Siku ya mwaka mpya 1959 wanaume watano walitoka upande wa Braemar kuja kwenye bonde hili. Dhoruba ikawakuta juu. Hakufika hata mmoja. Mzee aliwataja kwa sauti ya chini, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea.

Januari 25

Mvua. Zamu za ziada kazini. Nimekuwa nikisoma ripoti ya SAIS, huduma ya Uskoti inayotoa hali ya maporomoko ya theluji kila siku katika msimu. Maeneo ni sita; langu ni Southern Cairngorms. Nimejiwekea zoezi: asubuhi nachukua mwelekeo wa upepo wa jana, nabashiri ni mteremko upi wenye hatari, ndipo nafungua ripoti. Upepo ukivuma kutoka kusini magharibi, unafagia theluji na kuitupa upande uliojificha, yaani kaskazini mashariki. Pale inajipanga kama bamba gumu lisiloshikana na kilicho chini yake. Mtu akilikanyaga, bamba linakatika na kuondoka naye. Mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ileile inayovutia kupanda.

Kwa wiki mbili nimepatia mara nyingi kuliko nilivyokosea. Zoezi hili halihitaji nitoke nyumbani, na sijui kwa nini sikuanza nalo Novemba.

Februari 6

Theluji! Upepo umegeuka kutoka kaskazini tangu Jumanne. Utabiri unasema siku tatu za baridi, halafu joto linarudi Jumapili. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Nitamlipa kwa Jumamosi mbili. Begi lilikuwa limefungwa tangu Desemba, liko nyuma ya mlango. Mzee alinigongea dari kwa ufagio kabla hata sijampigia simu.

Februari 7, Glenshee

Barabara ya hapa inapita mita 670 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unashuka garini na theluji iko mbele yako, huna haja ya kuitafuta kwa muda wa saa tatu. Mwaka kama huu hilo ni jambo kubwa.

Ripoti ilionya miteremko inayotazama kusini kwa ajili ya upepo ule wa kaskazini, kwa hiyo tulikaa mbali nayo. Tuliacha eneo la wanaoteleza kwa ski, tukatafuta kibonde chetu: mteremko mfupi unaolegea chini kama bakuli, bila jiwe, bila ukingo. Mzee aliukagua chini kwanza kwa miguu, hatua kwa hatua. Ukifundisha mtu kuanguka, anasema, anza pale atakapoishia. Helmeti kichwani, kramponi ndani ya begi. Mazoezi ya kujizuia hayafanywi na kramponi miguuni.

Kwanza kutembea. Unapiga buti kwenye theluji kama unapiga mpira kwa utulivu, uzito wa buti ufanye kazi, hadi nusu ya kiatu iingie. Shoka liko mkono wa upande wa juu, unalichomeka, miguu miwili inasonga, unalichomeka tena. Mara nyingi kuteleza kunaishia hapo: umeteleza, lakini shoka limeshasimama ardhini na wewe umelishika.

Kisha kuteleza kwa makusudi. Kifudifudi, miguu mbele, ndiyo rahisi. Nilishuka, nikapiga mdomo wa shoka kwa nguvu zangu zote. Likanyakuliwa. Lilitoka mikononi kama limevutwa na mtu, likabaki juu, mimi nikaendelea hadi chini ya bakuli. "Usilipige," Mzee alisema. "Lilalie." Mara ya pili nikaegemeza kifua juu ya shoka, uzito ukiongezeka polepole. Nilisikia chuma kikianza kukwaruza, kikashika, magoti yakazama, nikasimama. Theluji ilinijaa shingoni. Ile sauti ya mkwaruzo unaozidi kuwa mzito sijui sebule gani ingeweza kunifundisha.

Chali, miguu mbele: unajiviringisha kuelekea upande wa mdomo wa shoka, kamwe si upande wa ncha. Hapa mwili ulikumbuka zulia la nyumbani. Niligeuka kabla sijafikiri.

Kichwa mbele, kifudifudi: nyoosha shoka pembeni mbali, mdomo ushike, na mwili unazunguka wenyewe kama mlango kwenye bawaba. Kichwa mbele, chali, ndiyo ya mwisho, na niliiogopa. Unaona anga tu. Unachomeka shoka pembeni mwa nyonga, miguu inapita upande wa pili, unageuka kifudifudi, halafu ndipo unajizuia. Nilifanya kumi na moja. Nilipatia nne.

Kufikia saa tisa mteremko ulikuwa umesuguliwa na migongo yetu hadi ukang'aa. Mwendo ukaongezeka. Hapo nikaelewa kwa nini hii ni akiba ya mwisho: sekunde ya kwanza inatosha, ya tatu umeshachelewa.

Februari 9

Mvua, nyuzi 7. Theluji yote ya barabarani imekwenda. Mbavu zinauma nikicheka.

Machi 8, Driesh

Hii ndiyo siku nitakayoikumbuka.

Milima ilikuwa ya kahawia toka chini hadi juu, jua limetoka. Egesho la magari Glen Doll lilijaa. Niliona watu wengi bila shoka, na mimi mwenyewe nilimuuliza Mzee kama tubebe vyuma kilo mbili kwa ajili ya nini. Alifunga begi lake tu.

Driesh una mita 947. Njia ya kushuka inaitwa Kilbo Path, na tangu niione kwenye ramani naipenda kwa jina lake, herufi moja tu zaidi ya Kibo. Juu njia inakata ubavu wa mlima ulio mwinuko sana. Tulishuka kama saa tisa na nusu, na baada ya kona tukaikuta: ulimi wa theluji ya zamani, upana kama mita 15, umelala juu ya njia na kuendelea chini hadi kwenye mawe.

Kwa mbali ilionekana kama shuka lililosahaulika. Niliinama nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa kama kugonga sakafu ya saruji. Ilikuwa imeyeyuka mchana na kuganda usiku, mara nyingi mfululizo, hadi ikawa barafu yenye chembe. Kisigino cha buti kilichora mstari tu. Sasa najua mwaka wa theluji haba ni wa hatari kwa namna yake: theluji inabaki palepale upepo ulipoirundika, ubavuni, juu ya njia, na kila kitu kingine kinakuambia majira ya baridi yameisha.

Tulivaa kramponi tukiwa bado kwenye mchanga, mita tano kabla. Dakika mbili na nusu.

Nyuma yetu walikuja vijana wawili, mvulana na msichana, viatu vya kukimbilia, wametoka kuangalia kilele kwa sababu siku ni nzuri. Kurudi juu kungewatoa upande mwingine, giza likikaribia. Mzee alinitazama. "Kata ngazi," akasema.

Nilisimama nyayo bapa, meno yote ya chuma yameingia, nikaanza. Bega ndilo linalotupa shoka, mkono unaongoza. Jembe linapita likifyeka kipande chembamba, tena, tena, hadi patokee rafu inayoinamia ndani kwa mlima, yenye urefu wa kiatu. Mapigo matano au sita kila ngazi. Vipande vya barafu vilishuka vikilia kama glasi kwenye trei, halafu kimya, halafu mlio mdogo kwenye mawe chini. Nilikata ngazi ishirini na saba. Nilimkumbuka Ludwig Purtscheller, ambaye mwaka 1889, akipanda na Hans Meyer, juu ya barafu ya Kibo alitumia kama mapigo ishirini kwa kila ngazi, katika hewa nyembamba ile. Barafu aliyokata yeye imeshaisha. Watu wa mlima wetu walibeba mizigo ya safari za zamani, na mimi mjukuu wao nilikuwa nakata ngazi Uskoti.

Mzee alivuka chini ya yule msichana, mimi chini ya mvulana, mkono wetu nyuma ya begi lao, shoka limechomekwa kila ngazi. Kwenye ngazi ya kumi na kitu mvulana alisimama, goti likimtetemeka. Nikamwambia atazame rafu inayofuata, si chini, akavuka. Upande wa pili walikaa kwenye nyasi bila kusema. Kisha msichana akafungua begi, akatugawia machungwa.

Machi 9

Nilimpigia kaka. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza yote tangu mwanzo. Aliuliza maswali ya kazi: ngazi ilikuwa na kina gani, nani alitangulia, kwa nini hamkuwafunga kamba. Nikamwambia kamba hatukuwa nayo. Akasema mwakani tuwe nayo, na mtu anayejua kuitumia. Nimeiandika.

Aprili 12

Corrie Fee, peke yangu, asubuhi. Juu kabisa chini ya mwamba kimebaki kipande kimoja cha theluji, hatua arobaini kwa kumi na tano, mteremko mpole, chini yake nyasi. Nilikikagua toka chini kama nilivyofundishwa. Nikafanya kichwa mbele chali mara ishirini. Nimepatia kumi na sita.

Mashoka yote mawili, langu na la Mzee, yamekauka na kupakwa mafuta. Begi limerudi nyuma ya mlango. Mwanangu anauliza kama Novemba ataanza kuhesabu hatua pamoja nami Sidlaw. Ana miaka tisa. Mzee ameshampa mawe kumi.